Mmalay ni nani? Jibu kwa msomaji aliyealikwa harusini Negeri Sembilan

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Tanga, nasoma shahada ya pili Kuala Lumpur, huu ni mwezi wa tano. Ninayekaa naye chumba ana babu Mjava, na bibi mzaa mama alikuwa Mhindi Mwislamu. Mwenyewe anasema yeye ni Mmalay, basi. Mlango wa pili anakaa Mchina ambaye wazee wake wako Melaka tangu enzi na enzi. Kwao wanaongea Kimalay, bibi yake anavaa kebaya, ile blauzi ya kienyeji ya huku, na pilipili wanakula kuliko mtu yeyote ninayemjua. Huyo si Mmalay. Nilipouliza kwa nini, wote wawili walicheka wakabadilisha mazungumzo. Umalay ni damu, ni dini au ni lugha? Na la pili: mwezi ujao nimealikwa harusi ya dada wa mwenzangu, kijijini kwao, jimbo la Negeri Sembilan. Sitaki kwenda kuaibika. Nishike lipi, niache lipi?"*

Marahaba mwanangu. Walicheka kwa sababu ulichowauliza kina jibu la kisheria, tena fupi, na hakuna apendaye kusomewa katiba asubuhi akiwa na mswaki mdomoni. Mimi nimekaa Malaysia na Singapore miaka ya kutosha kuchekwa hivyo hivyo, kwa hiyo nitakujibu walilolikwepa.

Ibara ya 160 ya Katiba ya Malaysia inasema Mmalay ni mtu mwenye dini ya Kiislamu, ambaye kwa mazoea yake husema Kimalay, na anayefuata mila za Kimalay. Halafu inaweka sharti la mahali: yeye, au mmoja wa wazazi wake, awe alizaliwa Malaya (ndilo jina la nchi wakati huo) au Singapore kabla ya siku ya uhuru, 31 Agosti 1957, au awe na makazi huko siku hiyo, au awe uzao wa mtu wa namna hiyo. Hapo ndipo mwisho. Kabila la babu halikutajwa.

Sasa mpime mwenzako. Dini anayo, lugha anayo, mila anazo. Babu Mjava, kama alishahamia kabla ya uhuru, si kasoro hata kidogo. Nusu ya Wamalay niliowahi kukaa nao, ukiwachimba, utakuta Mjava, Mbugis wa Sulawesi, Mminangkabau wa Sumatra, Mbanjar wa Borneo au mtu wa kisiwa cha Bawean. Wengine wana Mwarabu wa Hadhramaut, wengine Mhindi. Mahathir Mohamad, aliyekuwa waziri mkuu mara mbili na ambaye hakuna aliyepigania jina la Umalay kwa sauti kubwa kumshinda, ana asili ya Kerala, India, upande wa baba. Tunku Abdul Rahman aliyeitangaza Malaya huru, mama yake alikuwa wa asili ya Siam, Thailand ya leo. Hakuna aliyewaambia si Wamalay.

Jirani yako mpime kwa mizani hiyohiyo. Lugha anayo. Mila, ukitoa nyama ya nguruwe jikoni na ubani mbele ya picha za wazee, anazo kiasi cha kumshinda Mmalay wa mjini. Watu wa kwao huitwa Baba na Nyonya, au Peranakan, uzao wa wafanyabiashara wa Kichina waliotulia Melaka na Penang wakaoa huko na kuchukua lugha ya wenyeji. Kinachompungukia ni shahada, na sisemi hiyo unayoisomea.

Ndiyo maana tangu zamani mtu wa taifa jingine akisilimu, watu walisema *masuk Melayu*, yaani ameingia Umalay. Usemi huo bado utausikia, ingawa Wachina wengi waliosilimu hawaupendi. Mmoja aliwahi kuniambia kwa hasira ya upole: mimi nimebadili dini, sikubadili ukoo, na tambi za mama yangu bado nazitaka, ila zipikwe bila nguruwe. Ana haki. Kusilimu peke yake hakumfanyi mtu Mmalay mbele ya sheria. Vile vitu vitatu lazima vikutane.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba Umalay ni mlango. Damu haikuzuii kuingia. Na wewe wa Tanga hili lisikushangaze, maana umezaliwa ndani ya mlango kama huo. Mswahili ni nani? Mtu alitoka bara akakaa mji wa pwani, akasilimu, watoto wake wakalelewa kwa Kiswahili, wajukuu wakajua kupika mkate wa kumimina na kusoma maulidi, na siku moja hakuna aliyekumbuka tena alitoka wapi. Uliza swali hilo barazani Mombasa, utapata majibu saba na ugomvi mmoja. Tofauti yetu na Wamalay ni kwamba Mswahili hakuwahi kuandikiwa ibara. Wakoloni Kenya walihangaika kumpanga, mara mwenyeji, mara si mwenyeji, na kila walivyompanga kodi ilibadilika. Uhuru ulipokuja akaachwa ajijue. Mmalay aliandikwa.

Kwa nini aliandikwa? Hapa niruhusu nirudi nyuma kidogo.

Melaka ya karne ya 15 ilikuwa bandari ambayo mtu angeweza kuzaliwa, kuoa na kufa bila kusikia lugha moja siku nzima. Tomé Pires, Mreno aliyekaa pale baada ya Wareno kuuteka mji mwaka 1511, aliandika kuwa bandarini zilisikika lugha 84, na katika orodha yake ya wageni wapo watu wa Kilwa na wa Malindi. Wazee wetu walifika. Wareno haohao walikuwa wameshaivamia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na alama ya kidonda kimoja imebaki kwenye lugha zote mbili: sisi tunasema meza, wao *meja*, sisi tunasema bendera, na wao wanasema *bendera*, herufi kwa herufi. Katika Melaka hiyo Umalay ulikuwa ni kuwa raia wa sultani, kusema lugha ya mjini na kushika Uislamu. Aliyetaka aliingia.

Waingereza ndio waliotia kalamu. Bati lilichimbwa na Wachina, mpira ukagemwa na Watamil walioletwa kutoka India ya kusini, na Mmalay akaambiwa abaki na mpunga wake na nyavu zake. Sensa ya mwaka 1891 ikagawa watu katika mafungu makubwa: Wachina, "Wamalay na wenyeji wengine wa visiwa", Watamil na watu wengine wa India. Mwaka 1913 ikaja sheria ya kutenga ardhi ya Wamalay isiuzwe kwa wengine, na pamoja nayo ile hadithi kwamba Mmalay ni mvivu. Msomi wa Malaysia, Syed Hussein Alatas, aliivunja hadithi hiyo mwaka 1977 kwa kitabu kizima, akionyesha kwamba mkoloni humwita mvivu kila mtu anayekataa kuwa kibarua wake. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi uhuru ulipokuja mwaka 1957, wenye nchi walikuwa na masultani tisa, bendera na lugha, lakini maduka, migodi na miji ilikuwa mikononi mwa wengine. Katiba ikaweka nafasi maalumu kwa Wamalay katika ibara ya 153, ambayo baadaye ilipanuliwa kuwaingiza wenyeji wa Sabah na Sarawak, majimbo ya kisiwa cha Borneo. Mwaka 1969, siku tatu baada ya uchaguzi, tarehe 13 Mei, Kuala Lumpur ikawaka. Hesabu ya serikali ni watu 196 waliokufa. Kuanzia 1971 serikali ikaleta sera mpya ya uchumi yenye lengo la kuwapa *bumiputera*, wana wa ardhi, asilimia 30 ya hisa za makampuni ifikapo 1990. Nafasi za vyuo vikuu, mikopo, zabuni, punguzo la bei ya nyumba: yote yakafungamana na neno moja kwenye karatasi.

Usichanganye maneno hayo mawili. Kila Mmalay ni bumiputera, lakini bumiputera wengi si Wamalay: Waiban na Wakadazan-Dusun wa Borneo, wengi wao Wakristo, nao ni wana wa ardhi. Sensa ya 2020 iliwahesabu bumiputera wote pamoja kuwa asilimia 69.4 ya raia, Wachina 23.2 na Wahindi 6.7.

Hapo sasa unaelewa kicheko cha jirani yako. Mwenzako akisema "mimi Mmalay" anataja mapishi ya mama yake, na anataja pia bei ya nyumba atakayonunua. Jirani yako, ambaye familia yake huenda imekaa Melaka kabla babu Mjava hajapanda chombo, anajua kuwa bei hiyo si yake. Ni marafiki, wanakaa mlango na mlango, hawataki kulifungua jambo hilo mbele ya mgeni. Nami nakushauri usilifungue tena mpaka walifungue wenyewe. Rai yangu? Sera ile iliinua watu waliokuwa chini kweli, nimewaona madaktari na mainjinia ambao baba zao walikuwa wavuvi. Kisha ikakaa sana, ikawanenepesha walioshiba, na Mmalay maskini wa jimbo la Kelantan bado anasubiri. Wamalay wenyewe husema hivyo, ila nyumbani kwao.

Tena mlango wenyewe hufunguka upande mmoja. Kuingia ni rahisi, kutoka si rahisi. Kitambulisho cha Mwislamu kule kinaandikwa dini yake, na mwanamke mmoja aliyetaka neno hilo liondolewe kwenye chake alipanda mahakama moja baada ya nyingine mpaka ya juu kabisa, akashindwa mwaka 2007, majaji wawili dhidi ya mmoja. Dini ikiwa ni mguu mmoja wa kabila, ukiukata huo kiti chote kinaanguka. Wala si dini na kabila tu, ni sultani pia, maana katika kila jimbo lenye sultani yeye ndiye mkuu wa dini.

Vuka tuta la Johor, mwendo wa kama kilomita moja juu ya maji, uingie Singapore, utaona jambo hilohilo limegeuzwa ndani nje. Watu ni wale wale, mara nyingi ni binamu. Lakini hapo Wamalay ni asilimia 13.5, kwa sensa ya 2020, na Wachina ni zaidi ya asilimia 74. Katiba inawatambua kuwa wenyeji wa nchi, wimbo wa taifa unaimbwa kwa Kimalay, umetungwa na Zubir Said, na rais wa kwanza, Yusof Ishak, alikuwa Mmalay. Ila fasili ya Mmalay katika sheria yao ya uchaguzi nimeipenda tangu siku ya kwanza niliyoisoma: ni mtu, awe wa asili ya Kimalay au la, anayejihesabu kuwa wa jamii ya Wamalay, na ambaye jamii hiyo kwa jumla inamkubali. Basi. Jiite, nao wakuitike. Mwaka 2017 kiti cha urais kilipotengewa Wamalay, mgombea Halimah Yacob aliitwa mbele ya kamati akapewa cheti cha Umalay, na barazani watu wakauliza: baba yake si alikuwa Mhindi Mwislamu? Kamati ikasema ni wetu. Akawa wa kwao.

Kilichonifundisha maisha ya Wamalay wa Singapore hasa ni sehemu moja ya zege. Vijiji vyao vya zamani, vya mabati na minazi, vilivunjwa kuanzia miaka ya 1960, watu wakahamishiwa kwenye maghorofa ya serikali, na kuanzia 1989 kila jengo likawekewa kiwango cha kila taifa ili wasirundikane. Chini ya kila ghorofa kuna uwanja uliofunikwa, nguzo tupu, hauna kuta. Hapo ndipo wanapofanyia harusi. Jumamosi unashuka kununua mkate, unakuta nguzo zimefungwa vitambaa vya dhahabu, bibi na bwana harusi wamekaa kwenye kiti chao cha enzi, vijana wanapiga *kompang*, ambazo wewe ukizisikia utasema dufu, na wali unapakuliwa kwa watu elfu moja. Wiki ijayo, nguzo zilezile, kuna turubai jeupe na buluu, meza za duara, njugu na mbegu za tikiti, na wanaume wa Kichina wanakesha na maiti yao. Mwenye harusi na mwenye msiba wanakodi mahali pamoja, kwa foleni moja. Niliwahi kuona harusi ikipunguza sauti ya spika kwa sababu jengo la pili lilikuwa na msiba. Hakuna aliyewaagiza.

Ninasema haya kwa sababu wageni wengi hutoka huko na moja kati ya hadithi mbili: kwamba mataifa yote yanakaa kwa raha kama picha ya tangazo la ndege, au kwamba wanachukiana kimyakimya. Zote ni za mtu aliyekaa hotelini. Ukweli una sahani nyingi. Mchina anayemwalika Mmalay sikukuu ya Mwaka Mpya huagiza chakula kwa mpishi wa halali, maana sufuria zake mwenyewe mgeni hawezi kuzigusa. Mmalay naye Idi ikifika hufungua *rumah terbuka*, nyumba wazi, na kila mtu anapita, jirani, bosi, muuza samaki. Watoto hupewa pesa kwenye bahasha za kijani. Bahasha hizo zimeigwa kutoka zile nyekundu za Wachina, na hakuna mtoto aliyelalamika. Kwa upande wa pili, watoto wengi wa Kichina husoma shule za msingi za Kichina na Watamil zao za Kitamil, kwa hiyo watu wazima wawili waliozaliwa mji mmoja wanaweza kufika chuo kikuu ndipo wakae dawati moja.

Idi yenyewe utaiweza. Neno utakalosikia ni *maaf zahir dan batin*. Lisikilize vizuri: maafu, dhahiri, na batini. Nisamehe ya dhahiri na ya moyoni. Mtoto hupiga magoti mbele ya mzazi akalisema hilo akiushika mkono wake, na nimeona mzee wa miaka sabini akimwaga machozi kila mwaka kana kwamba ni mara ya kwanza.

Sasa harusi yako.

Umebahatika, maana Negeri Sembilan si mahali pa kawaida. Kwingine mila za Wamalay zinafuata zaidi upande wa baba, lakini huko walihamia Waminangkabau kutoka Sumatra, na ukoo unapita kwa mama. Kuna koo kumi na mbili, kila moja huitwa *suku*, na watu wa suku moja hawaoani. Ardhi ya jadi hurithiwa na mabinti. Bwana harusi ndiye anayehamia kwa watu wa mke, na huitwa *orang semenda*, mtu aliyekuja kwa ndoa, anayetarajiwa kutumwa dukani, kurekebisha paa na kufunga mdomo wake kwenye vikao vya ukoo. Wangazija wenye manyahuli yao, ardhi ya ukoo inayopita kwa mama, na Walamu ambao nyumba huachiwa binti, wangeketi pale wakajiona wako kwao. Mashekhe wamewahi kuuliza mara nyingi: na mafungu ya mirathi? Jibu la wenyeji ni methali: mila zimeegemea sheria, na sheria imeegemea Kitabu cha Mungu. Kisha ardhi ya ukoo wanaiacha kwa wanawake, na mali nyingine wanaigawa kwa sheria ya dini. Usiwafundishe fiqhi ukiwa mgeni wa siku mbili. Wao ni Washafii kama sisi na wameshayajadili hayo kabla ya kuzaliwa bibi yako.

Mwombe mwenzako mfike siku moja kabla. Usiku wa kuamkia harusi ndipo penye *rewang*, majirani kuja kupika bila malipo. Mjini siku hizi watu wanaagiza wapishi, wanakunja mikono, lakini vijijini bado ipo, na mimi nadhani hapo ndipo Umalay ulipo kuliko kwenye ile ibara. Wanaume wako nje na masufuria makubwa juu ya kuni, wanakoroga kwa miiko mirefu kama makasia. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka na milima ya vitunguu. Mara yangu ya kwanza nilipewa kisu na mananasi, na kabla sijamaliza nanasi la kwanza nilikuwa nimeulizwa mambo matatu: umetoka wapi, umeoa, unaweza pilipili? La tatu ndilo lililokuwa mtihani. Baadaye alikuja mzee wa Kichina mwenye duka la vifaa njiani, na gari dogo lililojaa viti vya plastiki. Akavishusha, akahesabu, akakaa, akaletewa kahawa, wakaanza kumtania kuhusu deni la mtu fulani. Kimalay chake kilikuwa cha kijiji kile hasa, na lafudhi ya Negeri Sembilan, ile inayogeuza *a* ya mwisho kuwa *o*. Viti vile havikukodishwa. Mtoto wake alipooa, mahema yalikuwa yametoka upande wa pili.

Pilipili, kwa taarifa yako, ni zile ndogo tunazoziita kichaa. Chakula cha jimbo hilo ni *masak lemak cili api*: tui zito la nazi, manjano mabichi, na pilipili hizo zimesagwa bila huruma. Kinaonekana kama mchuzi wa samaki wa nazi wa shangazi yako. Usidanganyike na rangi.

Siku yenyewe: nikaha itakuwa kama unavyoijua, walii, mashahidi, mahari ambayo huwa ndogo na imetajwa kwa sauti. Hina utaikuta. Zawadi kati ya pande mbili hupangwa kwenye sinia, na idadi ya sinia huwa witiri. Kisha *bersanding*: maharusi wanakaa juu ya jukwaa kama mfalme na malkia kwa siku moja, na wakubwa wanapita mmoja mmoja kuwanyunyizia maji ya harufu na kuwarushia punje za mchele wa manjano. Baadhi ya mashekhe wanalipinga hilo kwamba ni masalio ya Kihindu, wengine hawalijali. Wewe angalia tu, na ukiitwa jukwaani, panda.

Mavazi: gauni refu la rangi na mtandio litakutosha, ukipata *baju kurung*, vazi refu la kike la Kimalay, ya kuazima kwa mwenzako, wamama watafurahi kupita kiasi. Buibui jeusi si haramu, lakini utaonekana umekuja msibani.

Salamu ni viganja viwili vikigusana kidogo, kisha mkono unaurudisha kifuani. Wazee wa kike busu mkono kama ulivyofundishwa kwenu. Mwanamume usimpe mkono mpaka atoe yeye. Akikuuliza mtu *apa khabar*, kumbuka umeulizwa habari tangu utotoni. Sema *khabar baik*. Walio rika la wazazi wako waite *mak cik* na *pak cik*, kama vile ungesema mama mdogo na baba mdogo, hata kama ni Mchina wa viti. Kuonyesha kitu, tumia kidole gumba huku vingine vimekunjwa. Kile cha shahada kumwelekezea mtu ni utovu wa adabu.

Pesa ya zawadi ikunje ndogo, au itie bahasha, uipitishe kiganjani unapomuaga mama wa bibi harusi. Hatatazama. Naye atakupa kifuko chenye yai la kuchemsha au keki; yai ndilo la asili, limefungwa ua la karatasi juu ya kijiti, na maana yake ni kuwaombea maharusi uzazi. Yai hilo ulile siku hiyohiyo, usilitunze kama kumbukumbu kwenye mkoba. Nimeshuhudia basi zima likihangaika kutafuta harufu inatoka wapi.

Kama unataka kuongeza kitu chako, chukua doti ya kanga. Hawatausoma ule msemo, lakini atatokea mtu akuulize maana yake mbele ya watu wote, kwa hiyo chagua kanga ambayo jina lake unaweza kulitafsiri bila kumeza mate.

Na viatu. Utavivua chini ya ngazi, pamoja na jozi mia mbili nyingine, karibu zote nyeusi. Funga uzi au kitambaa kwenye vyako kabla hujapanda. Mimi nilirudi Seremban, mji mkuu wa jimbo hilo, usiku ule na kandambili mbili za mguu wa kushoto, moja yangu, na ya pili mpaka leo sijui ya nani.